Viatu Shingoni

Nijiaibishe mwenyewe kabla hajatokea mtu wa Ngao au wa Golbanti akaniwahi: nilifanya kazi miaka mitatu chini ya mwalimu mkuu asiyeona, na sikujua kwamba haoni. Nilikula naye, nilitembea naye, nilimsomea barua zake, na muda wote huo nilijihesabu kijana mwenye macho makali kuliko wote katika bonde la Tana. Wanafunzi wa darasa la pili walijua. Mbuzi wa shule nadhani walijua. Mimi, mwenye cheti cha ualimu ndani ya fremu ya kioo, sikujua.

Nawaambia mapema ili mnicheke vizuri tokea mwanzo. Mwalimu Mkuu alikuwa anaona mwanga na vivuli tu, basi. Macho yake yalianza kufifia kabla mimi sijapelekwa pale, na kila mwaka yalififia zaidi. Sheria ya elimu siku hizo ilikuwa fupi: mwalimu asiyeona hafundishi. Msimamizi wa shule angejua tu, mzee yule angerudishwa kwake akafukuze ndege kwenye mpunga, na matembezi ya masika yangekufa siku hiyo hiyo.

Matembezi hayo ndiyo yaliyokuwa roho yake. Kila mwaka, mvua za kwanza zikishaanguka na kabla mto haujajaa, aliwachukua watoto wa darasa la nne kwa miguu kutoka shuleni hadi baharini, siku mbili, wakitazama kila kinachoota, kinachoruka na kinachotambaa. Ratibani liliitwa somo la maumbile. Yeye aliliita kwenda kuona. "Mtoto anakunywa maji ya mto huu tangu kuzaliwa," alisema, "halafu hajui unakwenda wapi? Hiyo si elimu." Watoto wetu wengi hawakuwahi kuiona bahari, na baba zao pia.

Shule yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya udongo ukingoni mwa mto, kati ya Ngao na Golbanti. Mwalimu Mkuu alikuwa Mpokomo wa hapo hapo, Mkristo mwenye sauti nzito ya nyimbo za kanisani, mtu mrefu aliyevaa koti hata jua la Februari. Mimi nilitoka Kipini, mto unapoingia baharini, kwa watu wanaoamini kwamba Kiswahili kilizaliwa uani kwao. Nilifika na sanduku la bati, kanzu mbili, na kiburi ambacho hakikuhitaji sanduku.

Jambo la kwanza nililomcheka ni viatu. Alikuwa na viatu vyeusi vya ngozi alivyonunua kwa Msomali mwenye duka Garsen, vizuri hasa, na hakuvivaa. Alifunga kamba zake pamoja akavitundika shingoni, kimoja kifuani upande huu, kimoja upande ule, akatembea pekupeku. Nilidhani ni ubahili. Nilimwandikia mama yangu kwamba nimepata mkubwa anayeogopa kumaliza soli. Mama aliwasomea majirani barua ile, wakacheka mtaa mzima.

Kumbe nyayo ndizo zilizokuwa macho yake. Alijua kwa wayo kama yuko uani au njiani, kama udongo ni wa mafuriko ya mwaka huu au wa zamani, kama ng'ombe wa Waorma wamepita asubuhi au jana. Nilimwona mara nyingi akisimama ghafla, akisugua kidole gumba chini, kisha akigeuka kushoto kwa uhakika. Mimi nilidhani anajikuna.

Halafu ilikuwa midomo yake. Akitembea, midomo ilimchezacheza. Nilimheshimu kwa hilo, nikasema huyu Mkristo kweli, hata njiani anasali zaburi. Nikaona haya, nikaanza na mimi kuvuta uradi kila tulipotoka pamoja. Tulikwenda hivyo masika mawili, yeye akihesabu hatua kutoka mti hadi mti, mimi nikimkumbuka Mola kwa kumwonea wivu mzee. Natumaini Mola aliupokea uradi wangu hivyo hivyo ulivyo.

Ubaoni aliandika herufi kubwa kama sahani. Nilipomwuliza, alijibu, "Nataka hata aliye nyuma aone." Nikaona hiyo ni hekima, nikaiga. Nikawa naandika maneno matatu ubao umejaa, nafuta, naandika matatu mengine, hadi chaki ya muhula ikaisha kabla ya wiki ya tano. Barua za ofisini hakuzisoma. Alinipa mimi: "Hebu nisomee, kijana. Nataka kusikia Kiswahili cha kwenu Kipini." Loo! Nilisimama wima, nikakohoa, nikasoma waraka wa ofisi kuhusu usafi wa vyoo kana kwamba nasoma kwenye harusi ya sharifu. Yeye alifumba macho akasema, "Tamu sana. Rudia pale penye tarehe."

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa swali lake. Mahali popote, darasani au njiani, alisimama na kuuliza, "Unaona nini?" Si "Hiki ni nini?" kama walimu wengine. Aliuliza unaona nini, kisha akatega sikio. Mtoto angesema, "Naona ndege, Mwalimu." "Ndege gani?" "Mweupe." "Mweupe wote?" "Mdomo wa manjano, yuko juu ya ng'ombe." "Ahaa, yangeyange. Anatafuta nini huko?" Na somo likaanza hapo. Nilisema moyoni, huyu mzee wa kijijini amegundua jambo ambalo hata chuoni hawakutufundisha. Walimu wa tarafa walipokutana Garsen, nikasimama bila kuombwa, nikawaeleza kwa nusu saa uzuri wa njia hii ya kufundisha, jinsi mwalimu mwenye busara anavyojifanya haoni ili mtoto aone. Mwalimu Mkuu alikuwa amekaa mstari wa mbele, kofia magotini, akiipapasa ukingo. Walimu walipiga makofi. Yeye alipiga mwisho, polepole.

Tulipotoka aliniambia, "Umesema maneno mengi, kijana."

"Ahsante, Mwalimu," nikajibu.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mbishi, na akishindwa hubadilisha swali. Sukari aliificha hata mkewe asiione, kisha akaisahau mahali, mchwa wakaila. Na mtu huyu aliyefundisha maumbile, aliyetia mkono katika shimo la kaa bila hofu, alimwogopa chura! Chura akimrukia mguuni, Mwalimu Mkuu alipiga ukelele uliosikika ng'ambo ya mto, kisha akajipangusa koti na kusema, "Haya, tuendelee. Nani ataniambia chura ana vidole vingapi?"

Uongo aliuchukia kuliko chura. Mtoto aliyepiga mwenzake alisamehewa, aliyedanganya alikalishwa chini ya dawati hadi jioni. "Mtu akiniibia nitanunua kingine," alisema. "Mtu akinidanganya atanipoteza." Nilidhani ni maneno ya kanisani tu.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu. Swali lile aliniuliza na mimi, tena mimi zaidi ya watoto. Na mimi, mtoto wa Kipini, nilijua majina ya samaki na ya vyombo vya baharini. Ndege wa bondeni na miti ya mtoni sikuijua hata nusu. Ungedhani ningesema sijui. Neno hilo halikuwa rahisi kinywani mwangu. Mwalimu mwenye cheti, Mswahili wa pwani, aseme sijui mbele ya watoto wa Kipokomo wanaochekea puani? Nikabuni. Mwalimu Mkuu akisimama na kuuliza, "Unaona nini pale mtini?" nami nikiona kitu kidogo cha kahawia kinachorukaruka, nilisema, "Naona ndege wa kijani, Mwalimu, ana kishungi chekundu na mkia wa rangi tatu. Kwetu tunamwita malkia wa masika." Uso ukamkunjuka mzee kwa furaha, akasema, "Rangi tatu? Zipi?" Nami nikamtajia zote tatu.

Watoto waliangalia miguu yao. Nilidhani wamestaajabu na ujuzi wangu.

Mwaka wa tatu, Msimamizi wa shule alisema atafuatana nasi kwenye matembezi. Alikuwa mtu wa Mombasa, mnene wa heshima, mwenye kofia ngumu ya jua na daftari la kuandikia makosa. Alikuwa amesikia habari ya njia yetu ya kufundisha, maana kuna mpumbavu mmoja alihutubia Garsen. Alitaka kuiona kwa macho yake.

Mkewe Mwalimu Mkuu, mama mmoja mfupi asiyependa mzaha, alinijia asubuhi ya safari nikifunga mizigo. Akanipa kikapu cha wali na samaki mkavu, hakukiachia.

"Mwalimu," aliniambia, "leo kaa karibu naye."

"Kila siku niko karibu naye, mama."

"Leo kaa karibu zaidi. Na akikuuliza kitu, mwambie sawasawa. Umenisikia?"

"Mama, mimi ndiye macho yake!" nikasema kwa mbwembwe, nikacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama kwa muda mrefu, akaachia kikapu, akaenda zake. Nikasema wanawake wa mtoni hawana masihara.

Msimamizi alipomwona Mwalimu Mkuu anafunga kamba za viatu atundike shingoni, alishangaa. "Mwalimu Mkuu! Mbele ya wanafunzi, pekupeku? Serikali inakulipa utembee kama mchunga mbuzi?" Mzee alisimama kidogo. Kisha akakaa kwenye kizingiti, akavaa viatu vyake, akavifunga taratibu. Mimi nilifurahi. Nilisema leo angalau tutaonekana watu.

Siku ya kwanza ilikwenda salama, kwa sababu watoto walimzunguka kama vifaranga na kila mmoja alikuwa anasema. Masika yalikuwa yameanza vizuri mwaka ule. Nyasi zilikuwa mbichi hadi kiunoni, mayungiyungi yamechanua kwenye kila dimbwi, vipepeo wa manjano wametanda juu ya tope kama nguo iliyoanikwa. Vyura walipiga kelele pande zote, na Mwalimu Mkuu alitembea amekaza taya. Tulipita mfereji wa Belezoni kwa mtumbwi, tukalala kwa wenyeji wa hapo. Msimamizi aliandika daftarini, "Vizuri."

Asubuhi ya pili, tukishuka kuelekea Kau, wingu zito limefunika jua, tulifika penye njia mbili. Mwalimu Mkuu alisimama. Akasugua mguu chini, lakini ilikuwa soli inayosugua. Akageuza uso kwangu. Msimamizi alikuwa nyuma yetu hatua chache, kalamu mkononi.

"Unaona nini?" aliniuliza.

"Njia mbili, Mwalimu. Ya kulia nyembamba, imezongwa na majani. Ya kushoto pana, safi, majani yamelazwa chini. Mtu anaweza kupita amebeba kitanda kichwani."

"Imekanyagwa mstari mmoja au miwili?"

Hapo ndipo ilipotakiwa niiname nitazame. Sikuinama. Nilidhani ananipima mbele ya Msimamizi, nami nilitaka jibu litoke haraka, bila kigugumizi. "Mmoja" lilisikika kama jibu zuri.

"Mmoja, Mwalimu," nikasema.

Nyuma yangu binti mmoja wa darasa, mdogo kuliko wote, mwenye pengo la meno, alisema, "Lakini Mwalimu, hiyo ni ya..."

"Nyamaza," nikamwambia. "Mtoto hamkatizi mwalimu."

Akanyamaza, maana ndivyo nilivyowafundisha. Mwalimu Mkuu aligeuza kichwa upande wa ile sauti, akangoja kidogo, kisha akashika njia ya kushoto. Nami mbele yake, kifua nje, nikiongoza.

Kila mtoto wa mtoni anajua jambo hili kabla hajajua kuhesabu: binadamu hupanga miguu mmoja mbele ya mwingine, akaacha mstari mmoja. Kiboko ni mpana, miguu yake imeachana, kwa hiyo hukanyaga mistari miwili na kuacha tuta la majani katikati, linalofagiliwa na tumbo lake. Njia yake ni safi na pana na inavutia, nayo haiendi kwa watu. Inakwenda majini. Nilipoanza kuona majani yale katikati, marefu na mazima, na mistari miwili ya tope pembeni, nilijiambia labda ni njia ya baiskeli mbili. Wallahi, nilijiambia hivyo. Wazee wetu walisema njia ya mwongo ni fupi, na ile haikufika hata hatua mia tatu.

Alikuwa jike na mwanawe. Kwa vile jua halikuwako walikuwa bado nje, wamelala kwenye nyasi nyuma yetu, nasi tumekwisha kuingia kati yao na dimbwi. Nilisikia mkoromo, kisha ardhi ikatetemeka chini ya viatu vyangu. Watoto hawakungoja amri. Wote, kama mtu mmoja, waliruka kando kwenye vichaka, maana wanajua kiboko akiogopa hufuata njia yake hadi majini na hageuki kwa ajili ya mtu. Msimamizi aliruka na yeye, kofia ikabaki. Na mimi, mwongozaji? Nilikimbia mbele, katikati ya njia yake, kuelekea dimbwi lake, nikipiga kelele kwa Kiswahili safi cha Kipini. Tope ndilo lililoniokoa. Mguu ulizama hadi gotini, nikaanguka kifudifudi kando, na jike lile likapita karibu yangu, mtoto wake nyuma, likaingia majini kwa kishindo.

Nilipoinua kichwa nilimtafuta Mwalimu Mkuu. Watoto waliniambia baadaye kwamba alikuwa amesimama katikati ya njia muda wote, amenyoosha mikono mbele, hajui aende upande gani. Yule binti mwenye pengo ndiye aliyerudi, akamvuta koti kwa mikono miwili, wakaanguka wote kichakani. Pale alipokuwa amesimama palikuwa na nyayo za kiboko, kubwa kama sufuria.

Nilitambaa hadi alipo. Kiatu kimoja kilikuwa kimemchomoka. Kilikuwa pale mbele yake, cheusi juu ya majani mabichi, hata mlevi angekiona. Naye alikuwa anakitafuta kwa viganja, anapapasa huku, anapapasa kule, anakipita. Nikamtazama uso. Macho yalikuwa wazi yakitazama juu yangu, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Sijui nieleze vipi. Miaka mitatu yote iliniangukia kwa pamoja: herufi kubwa, barua, midomo, viatu shingoni, hotuba yangu Garsen, mkewe na kikapu. Na wale ndege wangu wote wa kijani. Nilitamani kiboko arudi.

"Mwalimu," nikanong'ona, "huoni."

"Mmoja au miwili?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

"Miwili, Mwalimu."

Nyasi zilitikisika, Msimamizi akatokea, hana kofia, tope hadi kidevuni, daftari bado mkononi. "Nani?" alisema. "Nani ameleta watoto wa watu kwenye njia ya kiboko? Mwalimu Mkuu, huna macho?"

Mkono wa mzee ulikuwa bado unapapasa. Nikaudaka nikauweka juu ya kiatu, nikasimama mbele yake nimkinge. "Ni mimi, bwana," nikasema. "Aliniuliza, nikamwambia vibaya. Sikutazama. Sijui njia ya kiboko wala ya mbuzi. Yeye ameteguka mguu, ndiyo maana amekaa." Watu wengine waliposikia kisa hiki walinisifu kwamba nilijitoa mhanga kwa ajili ya mkubwa wangu. Mhanga gani? Ulikuwa ukweli mtupu, isipokuwa ule mguu.

Msimamizi alinitukana hadi akachoka. Watoto walitoka vichakani mmoja mmoja, nikawahesabu mara mbili, wote wazima. Mwalimu Mkuu alitia mkono begani kwangu, akachechemea hadi Kipini. Mtu yule hakuwa na kipaji cha uongo hata kidogo: alichechemea mguu wa kulia, tulipopumzika akasahau, akaendelea na wa kushoto. Kila mara nilimminya mkono, akabadilisha. Tulipofika ufuoni watoto walikimbilia maji wakipiga vigelegele, wakayaonja, wakayatema. Mwalimu Mkuu alivua viatu, akasimama kwenye mchanga mbichi. Aligeuka kwangu akafungua kinywa kama anayetaka kuuliza lile swali lake, kisha akakifunga. Alimwita yule binti. Ndiye aliyemwuliza siku ile.

Nililia. Nilisingizia mchanga umeniingia machoni, maana nimekwambieni, neno la kweli lilikuwa zito kwangu.

Ripoti ya Msimamizi niliisoma mwenyewe, kwa sababu nani mwingine angemsomea Mwalimu Mkuu? Ilisema shule inaendeshwa vizuri, matembezi yaendelee, Mwalimu Mkuu ni mtu shupavu aliyeendelea na safari juu ya maumivu ya mguu. Msaidizi wake hana utambuzi, ahamishwe shule ya mjini ambako njia ni moja. Mzee alisikiliza amefumba macho. Safari hii hakusema tamu. Nilifunga sanduku langu la bati nikarudi kwa mama.

Kipini kwetu niliendelea kufundisha. Herufi nilizipunguza. Swali lile sikuthubutu kulitumia tena. Kila masika watoto wa juu ya mto walikuja ufuoni na mwalimu wao, nami nilijifungia darasani hadi waondoke. Kisha mwaka mmoja walikuja na mwalimu mwingine, kijana, wakaniambia mzee amestaafu. Alipewa hati na kiti cha mikono na hotuba, akaondoka kwa heshima yake yote. Hakuna wa ofisini aliyejua. Nilimshukuru Mungu, nikaswali rakaa mbili, na hizo hazikuwa za wivu.

Masika yaliyofuata, asubuhi, mama aliniita uani. "Kuna wageni," alisema. "Mmoja amevaa viatu shingoni."

Alikuwa amekonda. Mkewe alimshika mkono hadi mlangoni, akaniamkia, akasema, "Amesema lazima aje. Nimemleta. Sasa ni wako," akaingia ndani kwa mama kunywa chai. Mimi na Mwalimu Mkuu tukashuka ufuoni. Maji yalikuwa yamekupwa, mvua imenyesha alfajiri, mchanga mgumu. Alitembea mwenyewe, hatua moja mbele yangu, midomo ikicheza. Nilitafuta maneno, mimi niliyekuwa siyakosi, nikayakosa.

"Yule malkia wa masika," alisema bila kugeuka. "Mwenye mkia wa rangi tatu."

Nikaanza, "Mwalimu..."

"Tuliporudi kwenye matembezi yako ya kwanza, niliwauliza watoto. Walicheka hadi wakalia. Wakaanza kubuni ndege na wao. Walikuwa na mchezo, nani atabuni ndege mzuri kuliko wa mwalimu wa Kipini."

"Kwa hiyo ulijua nadanganya? Tangu mwaka wa kwanza?"

"Nilijua."

"Basi kwa nini uliendelea kuniuliza mimi?"

Alicheka ile sauti yake nzito. "Mtu mwingine ningemwuliza kila siku, angejiuliza mzee huyu ana nini. Wewe ulipenda mno kujibu."

Nilistahili. Tulitembea. Baadaye kicheko kilimwisha, akasimama.

"Ndege si kitu," alisema. "Ndege wako nilikuwa nawapeleka kwa watoto wanawachambua. Lakini njia panda ile, Msimamizi yuko mgongoni, watoto ishirini nyuma yangu. Nilisikia sauti yako ilivyotoka haraka. Na yule mtoto nilimsikia. Nikasema, hapa hawezi kunidanganya, hapa ni roho za watu." Alishika viatu vilivyoning'inia kifuani. "Ungesema sijui, kijana. Neno moja. Ningevua viatu palepale, Msimamizi aandike apendavyo."

Nilimwambia, "Nisamehe, Mwalimu." Akatikisa kichwa, sijui ni kwa kukubali au kwa kukataa, akaendelea kutembea. Tulikwenda hivyo hadi mchanga unapogeuka kuwa matope ya mikoko. Hapo akasimama tena, akainua kidevu upande wa maji. Kitu kililia huko, mlio mrefu mara moja, kisha kimya.

"Unaona nini?" aliniuliza.

Nikatazama. Nilitazama kwa muda mrefu, naye akangoja.

"Ndege mmoja, Mwalimu. Kijivu mgongoni, tumbo jeupe, mdomo mrefu umepinda chini. Anatembea ukingoni mwa maji, anadonoa, anasimama. Mguu mmoja anauvuta kidogo, nadhani umeumia."

"Ndege gani?"

"Sijui."

"Sema tena."

"Sijui jina lake, Mwalimu."

Alinyoosha mkono hewani, akanikosa, akatafuta tena, akalipata bega langu akalishika. Safari hii hakusingizia mguu wowote.

"Haya," alisema. "Sasa nipeleke karibu."